Usibebe: Mgongo wa Mama na Mtungi wa Lita Ishirini

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuyachambua maneno yakiwa yamelala kitabuni, kama mwanafunzi wa udaktari anavyopasua maiti. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi neno moja hai lilipoingia nyumbani kwetu Kangemi likamlaza mama yangu kwa muda wa miaka miwili. Neno lenyewe ni kitenzi cha kukataza, nafsi ya pili umoja, silabi nne: usibebe.

Mama ni mwuza mboga. Tangu nipate fahamu zangu nimemwona akirauka saa kumi ya alfajiri, akipanda matatu ya kwanza inayoteremka barabara ya Waiyaki, akipita Westlands kungali giza, kisha akishuka mjini na kwenda kwa miguu hadi soko la Wakulima, ambalo ni nadra kumsikia mwenyeji wa Nairobi akiliita kwa jina hilo. Sote husema Marikiti. Huko hununua kabichi, karoti, viazi na dania kwa jumla, akarejea Kangemi kabla wateja wake hawajatoka kwenda kazini. Baina ya lori la mkulima na kibanda cha mama kuna bega la mchukuzi, kuna mkokoteni, kuna buti ya matatu na kuna mikono ya mama mwenyewe. Niliwahi kuhesabu nikaona kwamba gunia moja huinuliwa mara sita kabla ya kabichi ya kwanza kuuzwa.

Mnamo Machi 2021 aliinama kuinua gunia la viazi akisaidiana na mwenzake. Mwenzake aliliachia kabla ya wakati. Mama alituambia baadaye kwamba alisikia kiunoni kitu kama kamba mbichi inayokatika. Alilala siku nne, akaamka, akalala tena. Mwaka ulipokwisha maumivu yalikuwa yamehamia pale kiunoni kama mpangaji asiyelipa kodi na asiyefukuzika. Madaktari huyaita sugu maumivu yanayopita miezi mitatu. Ya mama yalikuwa yamepita tisa.

Tulikwenda hospitali moja ambayo sitaitaja. Daktari aliinua picha ya uti wa mgongo akaielekeza dirishani, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu kisahani kimoja kilichojitokeza baina ya pingili mbili. Alizungumza nami kwa Kiingereza kwa dakika kadhaa. Kisha, kwa kuwa mgonjwa alikuwa yule pale na ilibidi naye aambiwe kitu, alimgeukia akasema kwa Kiswahili: "Mama, usibebe kitu tena." Hakusema hadi lini. Wapenzi wa sarufi watakumbuka kwamba kielezi "tena" kikifuata kitenzi cha kukataza hakina kikomo. Mama, ambaye hakusoma sarufi, alilielewa hilo barabara.

Nyumbani nilikuwa askari mtiifu wa neno hilo. Nilichota maji mimi. Nilikwenda Marikiti mimi, kisha nikakimbilia mhadharani katikati ya jiji nikinuka dania, na wenzangu darasani wakanipa jina ambalo sina haja ya kulirudia hapa. Mama alijifunza kukaa kama mtu aliyeegemeza yai mgongoni. Kijiko kikimponyoka aliniita nikiokote. Kibanda alikigawa, nusu akampangisha jirani. Kwa mchuuzi mmoja wa mjini alinunua mkanda mpana wenye vyuma akaufunga kiunoni mchana na usiku. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliubeba mzigo wa mama nikauona mwepesi kweli, maana nilikuwa na miaka ishirini na mgongo mzima. Lakini sikuwahi kujiuliza kule kutobeba kulikuwa na uzito gani kwake.

Niseme hapa mambo niliyoyasoma baadaye, ambayo laiti tungeambiwa siku ile ya picha. Mwaka wa 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapiga picha za uti wa mgongo watu 98 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 52 kati yao walikuwa na angalau kisahani kimoja kilichovimba kuelekea nje. Watu hao walikuwa wakitembea na kucheka bila habari ya jambo hilo. Kumbe picha inaweza kusema kweli na bado isiwe imesema lolote kuhusu uwezo wa mtu kuinua ndoo. Mwaka wa 2000, Johan Vlaeyen na Steven Linton walieleza mzunguko ambao kwa Kiswahili unaweza kutongolewa kwa vitenzi vitupu: mtu huumia, huogopa, hukwepa, hulegea, na kwa kulegea huumia zaidi. Niliposoma maelezo hayo niliona nyumba yetu, nami nikijiona humo ndani, nikikimbilia kijiko.

Ilikuwa mapema mwaka wa 2023 ambapo mwuza nyanya mmoja alimwambia mama kuhusu kliniki ya tiba ya viungo katika hospitali nyingine ya umma. Tulikwenda shingo upande. Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo, mchache wa maneno. Hakuitaka picha kwanza. Swali lake la awali halikuwa "unaumwa wapi?" bali "Mama, unataka kubeba nini?"

Mama alinyamaza kitambo. Machozi yalimlengalenga. Kisha akajibu, "Gunia la kabichi."

"La gunia sikuahidi," akasema yule mtaalamu. "Lakini tutafika jirani yake."

Hapa naomba msomaji anivumilie nikwepe njia kidogo, kwa sababu ugonjwa wetu sisi wa idara hii ni istilahi. Huduma tuliyoianza siku ile tuiiteje? Hapa Kenya wengi husema urekebishaji, neno lenye harufu ya gereza. Wengine husema ukarabati, nami nikilisikia naona barabara iliyofungwa na vibarua wenye makoti ya manjano. Wizara ya Afya ya Tanzania hutumia utengamao, kutokana na kitenzi tengamaa, yaani kutulia, kuwa imara, kukaa sawa. Wahadhiri wangu huenda wakanipinga, lakini mimi nimelichagua hilo. Mama hakurekebishwa, kwa kuwa hakuwa amekosa, wala hakukarabatiwa, kwa kuwa kile kisahani nadhani kingali pale pale kilipokuwa. Alitengamaa.

Njia yenyewe ilikuwa nyepesi kiasi cha kuudhi. Pale kliniki waliweka kreti juu ya meza, wakatia ndani mifuko ya mchanga, wakampima. Nyumbani tuliambiwa tutumie mtungi wa plastiki wa lita ishirini, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja na kila nyumba ya Kangemi ina mtungi. Wiki ya kwanza tulitia lita nne. Mama auinue kutoka kigodani hadi mezani, mara kumi, asubuhi na jioni. Kila wiki kiasi kiongezwe kama kilivyopangwa, si kama kiuno kinavyoamua. Siku mbaya usipunguze ila kwa ruhusa, na siku njema usizidishe. Sharti hili la pili ndilo lililomshinda mama. Siku njema alitaka kuinua mtungi mzima, ajionyeshe, kisha kesho yake alale kutwa. Mtaalamu alisema kwamba wagonjwa wengi huishi hivyo, wakipanda na kushuka, na kwamba kazi ya utaratibu ni kuinyima siku njema nafasi ya kuiharibu kesho.

Utaratibu huu haukuzuliwa kwetu. Mwaka wa 1992 watafiti wa Sweden walichapisha habari za wafanyakazi 103 wa kiwanda cha magari cha Volvo mjini Gothenburg waliokuwa nje ya kazi kwa maumivu ya mgongo. Waliopewa mazoezi ya kupandishwa ngazi kwa ngazi walirudi kazini mapema kuliko wenzao. Nilichokipenda zaidi ni kwamba mtaalamu alikwenda pia mahali pa kazi akaona kinachoinuliwa. Kabla ya hapo, mjini Dallas, Tom Mayer na Robert Gatchel walikuwa wakipima nguvu za mgongo na uwezo wa kuinua, wakiwafundisha wagonjwa sugu kwa wiki kadhaa, na mwaka wa 1987 wakatangaza kwamba baada ya miaka miwili asilimia 87 ya waliopitia mafunzo walikuwa kazini, ilhali kwa wasiopitia ni 41. Msomaji makini atauliza kama makundi hayo mawili yaligawanywa kwa kura. Hayakugawanywa hivyo, basi tuzichukue takwimu hizo kwa kijiko, si kwa upawa.

Nami nilikuwa na takwimu zangu katika daftari la mistari ya miraba. Wiki ya tatu, lita sita. Wiki ya sita, tisa. Wiki ya saba matatu aliyopanda ilipita juu ya tuta kwa kasi, mama akarudi nyumbani ameshika kiuno, na usiku ule sote tuliamini kwamba daktari wa kwanza alikuwa amesema kweli. Asubuhi nilipiga simu kliniki. Jibu lilikuwa fupi: apumzike siku mbili, kisha aanze tena kwa lita saba, asirudi kitandani. Wiki ya kumi na mbili mama aliinua lita kumi na tano, si kutoka kigodani tena bali kutoka sakafuni.

Sasa tazama safu ya pili ya daftari lile. Kila Jumapili nilimwuliza mama ayape maumivu alama kuanzia sifuri hadi kumi. Wiki ya kwanza alisema sita. Wiki ya kumi na mbili alisema tano. Nililirudia swali, nikidhani hakunielewa. "Tano," akasema. "Nimesikia. Ni tano." Uwezo ulikuwa umekaribia kuongezeka mara nne, na maumivu yalikuwa yameshuka alama moja. Mtaalamu hakushangaa. Alitueleza kwamba misuli haikui kiasi hicho kwa majuma kumi na mawili, na kwamba siku ile ya kreti kilichomsimamisha mama kwenye kilo nne hakikuwa nyama wala mfupa. Mtu akiamini kwamba mgongo wake ni kigae, ataacha kuinua mapema, na kipimo kitaandika woga wake kwa jina la nguvu zake.

Alimfundisha hata kuinama. Mama alikuwa amekaza mgongo kama ufito, maana wauza mikanda na majirani wote walikuwa wamemwambia asiupinde. Yule mtaalamu alimwambia uti wa mgongo una pingili nyingi kwa sababu umeumbwa kupindika. "Basi kuinamako ndiko kuinukako," mama akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtaalamu yule akicheka. Ule mkanda wa vyuma nao ulipata kazi mpya ya kufungia gunia la makaa. Desemba ya mwaka huo huo wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno, maumivu ambayo pamoja na yale yasiyo sugu yalikuwa yamewapata watu milioni 619 duniani mwaka wa 2020. Mwongozo unapendekeza mazoezi na elimu, na mikanda ya kiuno haipendekezi. Mama alikuwa ametangulia kwa miezi michache.

Ningalimaliza hapa, makala haya yangekuwa hadithi njema. Lakini kuna jambo la aibu, nalo ni langu.

Nilikuwa siwezi kumwona akiinua. Mkono wangu ulikwenda wenyewe chini ya mtungi. Pale kliniki mtaalamu alinivumilia mara mbili, mara ya tatu akasema, "Kijana, kaa nje." Nikakaa kwenye benchi barazani pamoja na jamaa za wagonjwa wengine, nimenuna. Wiki ya kumi nilirudi nyumbani nikamkuta mama ameutoa mtungi mlangoni anauingiza ndani, nikaruka nikampokonya, maji yakamwagika mpaka kwa jirani. Alisimama akanitazama. "Mwanangu," akasema, "nani alikuambia kwamba nimekufa?"

Usiku ule nililifungua daftari nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekiandika mwenyewe kwa mkono wangu bila kukisoma. Siku ambazo mama alitimiza hesabu yake yote ya mara kumi zilikuwa siku za mhadhara, nilipokuwa mjini. Jumamosi na Jumapili, nikiwa nyumbani nimemsimamia, alikomea mara sita au saba. Daktari alilitamka lile neno mara moja tu. Mimi nililirudia kila siku kwa miaka miwili, kwa mikono.

Tuje kwenye gunia. Kipimo cha kliniki na kipimo cha soko si ndugu. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini hukisia uzito wa kuinuliwa kwa mikono kuanzia kilo 23, tena hapo ni mzigo ukiwa karibu na mwili, kwenye kimo cha kiuno, wenye pa kushikia. Mambo yakiharibika, kiwango hushuka. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka wa 1967, lilimwekea mwanamume mzima kilo 55. Hapa kwetu, baada ya miaka mingi ya lumbesa, yale magunia yanayoongezewa kilemba cha wavu hadi yakamzidi mtu kimo, kanuni za viazi za mwaka wa 2019 ziliweka kilo 50. Ni hatua njema, lakini hata gunia hilo la halali ni zaidi ya mara mbili ya zile kilo 23. Tunayo pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007, inayomkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo wa kumdhuru. Mwajiri wa mama ni mama. Ashtakiane na nani?

Na wasije wakatuambia kwamba wanawake wetu wameumbwa kwa mizigo. Najua utafiti unaotajwa. Mwaka wa 1986 Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba wanawake wa Kiluo waliobeba kichwani na wa Kikuyu waliobeba kwa ukanda wa kichwani waliweza kuchukua hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Ni ajabu, na ni fahari. Lakini kilichopimwa ni nishati, si pingili. Tena mama ana kilo 65, na asilimia 20 yake ni 13. Hesabu hiyo inakaribia sana ule mtungi wa wiki za mwisho. Haikaribii gunia hata kidogo.

Kiswahili kilikuwa kimeliona jambo hili kabla yangu. Kina kuinua, kina kubeba, kina kutua, na kina kutwika, yaani kumweka mwenzio mzigo kichwani au begani. Kliniki ilipima kuinua, kitendo cha mtu mmoja na kreti. Sokoni Marikiti kazi kubwa ni kutwikana, na gunia lililomwumiza mama lilimwumiza katika kutwikana, kwa mkono ulioachia mapema. Nilimweleza mtaalamu jambo hilo, nikamchorea na kimo cha buti ya matatu, kinachofika kifuani mwa mama. Aliitazama michoro yangu mibaya kwa muda mrefu. Majuma manne ya mwisho hakutaka tena mama ainue peke yake. Aliniita kutoka barazani, akatusimamisha pande mbili za kreti, akatufundisha kuhesabu kwa sauti kabla ya kuinua na kabla ya kutua. Kwanza mimi nilikuwa nikiinua mapema mno ili nibebe sehemu yake. Tulirudia hadi nikaacha.

Januari 2024 tulishuka pamoja mjini alfajiri, akaniongoza hadi kwa mwuzaji wake wa zamani. Gunia la kabichi lilikuwa limeshonwa tayari. Mama alimwambia alifumue agawe mara tatu. Mwuzaji alilalamika, akadai fedha za magunia mawili matupu, na mchukuzi mmoja aliyekuwa akipita akauliza kwa sauti kama tunanunua kabichi au mayai. Mama alilipa. Aliinama, akaukumbatia mzigo wa kwanza, akauweka kwenye mkokoteni, kisha akasimama kidogo ameshika kiuno. Sikumwuliza alama. Wa pili aliuinua polepole zaidi. Mikono yangu nilikuwa nimeitia mfukoni.

Tulipofika kwenye matatu, kondakta alifungua buti, akaanza kupiga kelele kwamba tunamchelewesha. Mama alikipima kile kimo kwa macho, akaupima na mzigo.

"Shika upande ule," akaniambia. "Nikisema tatu."